Udongo Uliobaki Uani kwa Mwahija

Nyumba ilikuwa nzuri. Tuseme kweli, tusije tukaambiwa tuna kijicho. Bati la msauzi jekundu, madirisha ya aluminiamu, sakafu ya marumaru inayoteleza mpaka wageni wakawa wanavua viatu mlangoni na kunyata kama wezi. Akida alimjengea mama yake kabla hajajijengea mwenyewe, na watoto wa namna hiyo hapa Nyasubi hawajai kiganja. Kwa hiyo Mwahija alipoketi siku ya kwanza kwenye sebule yake mpya akatokwa na machozi, majirani waliona ni furaha. "Mshukuru Mungu, Mama Akida," wakamwambia. Akamshukuru. Lakini macho yake yalikuwa dirishani, kwenye mzambarau wake.

Mzambarau ule aliupanda mumewe, Salmini, fundi cherehani wa sokoni, mwaka waliohamia Kahama kutoka Tabora. Ulikuwa mti wa uani tu. Chini yake walifua, walichambua mchele, kuku walilala. Msimu wake ukifika, watoto wa mtaa mzima walikuwa na midomo ya rangi ya wino, na mama zao walikuja kulalamika juu ya mashati ya shule, kisha wakaondoka na kibakuli kimejaa.

Ila kulikuwa na jambo jingine. Binti yake, Raudha, alipofariki kwa surua angali mdogo, vyumba vya nyumba ya zamani vilikuwa finyu, ikabidi aoshewe uani, ndani ya uzio wa shuka. Waislamu wa hapa wanajua: maji yaliyomwosha maiti hayamwagwi ovyo yakakanyagwa na watu. Huchimbwa ufuo, handaki dogo chini ya kitanda cha kuoshea, maji yakaingia ardhini, kisha ukafukiwa. Ufuo wa Raudha ulichimbwa ubavuni mwa mzambarau. Miaka ikapita, Salmini naye akaitwa, na ufuo wake ukachimbwa palepale. Makaburi yao yako nje ya mji, na magoti ya Mwahija si ya kwenda kila wiki. Lakini maji yao yalikuwa hapa, mlangoni pa jiko. Kila asubuhi aliusalimia mti kwanza, ndipo akawafungulia kuku. Mama Violeth, jirani yake Msukuma ambaye hajui kunong'ona, alimfumania siku moja, akacheka mpaka akajishika kiuno. "Mayu, mama! Siku ukikuitikia, utakimbilia kwa nani?"

Sasa tuje kwenye ujenzi. Fundi Magesa hakuwa mtu mbaya, ni mdomo tu na haraka zake. Msingi wa nyumba mpya ulipita karibu na mti. Vijana wake walikutana na mizizi minene kama paja la mtu, wakaipiga shoka mmoja baada ya mwingine, wakiimba. Shimo la karo la choo likachimbwa upande wa pili, na kifusi chake chote kikarundikwa shinani, maana pale ndipo palipokuwa na kivuli na hakuna aliyetaka kubeba toroli juani. Lori la mchanga likarudi kinyumenyume, likauchuna mti gome, pande zima, ukabaki mweupe kama mfupa.

Mwahija alipiga yowe. Magesa akaja mbio na mwiko wake, akalikagua jeraha, akakuna kichwa. Halafu, wallahi, akalipiga lipu! Saruji na mchanga, akasawazisha kwa ubao, akarudi nyuma hatua kadhaa kuitazama kazi yake. "Nimeuziba, mama. Hata mchwa hapiti hapo."

Akida alicheka siku nzima. Mwahija naye akacheka, kwa sababu mwanawe alikuwa anacheka, na ilikuwa muda hajamsikia akicheka bila kukatizwa na kikohozi.

Mwaka ule mti haukuonyesha neno. Hata ulizaa, tena ulizaa kwa fujo, matawi yakainama. Mwahija akadhani yamekwisha. Ni mwaka uliofuata ndipo majani yalipotoka madogo, ya njano, na kileleni matawi yakaanza kukauka, mti ukaota upara. Watu wakasema yao. Wapo waliosema umerogwa na wenye wivu, wapo waliosema nyumba kubwa lazima idai kafara. Mwahija hakuwasikiliza. Akaumwagia samadi, debe juu ya debe, juu ya kile kifusi. Mti ukazidi kunyauka.

Mama Violeth ndiye aliyemleta Generosa, mwanamke wa Ushirombo aliyekuwa akiuza miche kando ya barabara. Mkali kama pilipili kichaa. Alikataa hata kiti. Aliuzunguka mti, akagonga ile lipu kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Miguu yake iko wapi?"

"Miguu ya nani?" Mwahija akauliza.

"Ya mti. Shina likifika chini linapanuka, linakuwa na miguu. Huu wako umesimama kama nguzo ya umeme. Mmeuzika mpaka kiunoni, mama. Mizizi inavuta pumzi, ninyi mmeibana pua. Halafu na samadi juu!"

"Lakini mbona baada ya ujenzi ulizaa vizuri?"

"Ulikuwa unaaga," Generosa akasema. "Mti hauna papara ya kufa. Unaumizwa leo, unakula akiba yake kimya kimya, unakuja kuanguka wakati aliyeuumiza ameshasahau. Wakati huo ndipo mnapokuja kuniita."

"Utapona?"

"Mimi si Mungu, nauza miche."

Hata hivyo alivua kanga ya juu, akapiga magoti, akamwonyesha. Kifusi kitoke chote, na karibu na mizizi kitoke kwa mikono na kijiti, jembe lisisogee hapo kabisa. Lipu ibanduliwe, jeraha liachwe lijifunge lenyewe. Matawi makavu yakatwe, mabichi yaachwe, maana mgonjwa hanyang'anywi sahani. Pumba za mpunga kutoka mashineni zitandazwe chini, zisiguse shina. Na maji yawe mengi, taratibu, kisha uachwe upumzike. "Na mwambie mwanao," akasema akijikung'uta, "udongo uliobaki wazi ubaki wazi."

Hapo ndipo penyewe. Akida alikuwa ameshaagiza pevingi, yale matofali ya kupanga chini, uwanja mzima, kutoka ukutani mpaka getini.

Akida alikuwa akija kutoka Masumbwe kila apatapo nafasi. Alianza akiwa kijana mbichi, akishuka kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, na nyundo na moko, patasi ya chuma, kutoboa mwamba kwa mkono. Mungu akamfungulia, akapata karasha lake, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na miaka mingi akaisimamia mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu. Mwahija alimkumbuka alivyokuwa akirudi mweupe kope na nywele, kama aliyetoka kwenye gunia la unga. Alikuwa akimcheka. "Babu yangu huyo amekuja!"

"Shikamoo, mama," akasema safari hii akiingia getini.

"Marahaba. Pevingi hazifiki kwenye mti wangu."

"Hata hujaniuliza habari za safari!"

"Habari za safari? Pevingi hazifiki kwenye mti wangu."

Akida akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa. "Mama, huu mti umeshakufa, ni wewe tu hujaambiwa. Utaangukia bati. Na ukipona ndiyo balaa zaidi, zambarau zitanichafulia pevingi. Lile doa halitoki hata kwa dawa."

"Basi likiingia utakuja kulisugua wewe. Mimi sisugui uwanja. Tangu lini uwanja ukasuguliwa kama sufuria?"

Akacheka, lakini asubuhi yake vijana wa pevingi walipoanza kusawazisha mchanga kuelekea shinani, Mwahija alitoka jikoni, akajifunga kanga kiunoni, akaketi chini kwenye udongo, miguu ameinyosha mbele. Vijana wakasimama. Majirani wakachungulia. Mama Violeth, kwa kuwa hawezi kukosa, akaja kuketi kando yake bila kuuliza kisa.

"Mama, unanitia aibu," Akida akasema.

"Aibu chukua wewe. Mti ni wangu. Dada yako yuko hapa. Baba yako yuko hapa. Mbandikie tofali mtu mwingine."

Akida akawapungia vijana warudi nyuma. Halafu akaokota kijiti, akaanza kuchora mstari ardhini, kuuzunguka mti, mbali kabisa, hadi matawi yanapoishia. Nusu ya mzunguko akasimama, akainama na kushika magoti, akakohoa mpaka mabega yakatikisika.

"Umekunywa dawa?"

"Nakunywa, mama. Ni vumbi tu hili la mchanga."

Akamalizia mstari. Ulikuwa mkubwa kuliko alivyotarajia Mwahija, na furaha ikamjaa, akainuka kwenda kumpikia mwanawe. Hakuuliza ni dawa gani. Zilikuwa za dukani, vidonge vya kikohozi vya kununua na kuondoka navyo.

Kiangazi chote kile Mwahija alikuwa chini ya mti kwa magoti. Alitoa kifusi kwa bakuli la plastiki, akikwangua kwa kijiti, akipuliza vumbi kwenye mizizi kama anayepuliza jiko. Lipu ya Magesa aliibandua kipande kwa kipande, na ndani akakuta siafu na unyevu, akatukana vizuri tu. Miguu ya mti ikaanza kuonekana. Akaijua yote kwa vidole: huu umepasuka, huu ni mzima, huu ulikatwa na shoka lakini ubavuni umetoa nyuzi changa, nyekundu. Alijua jani lililoanguka jana na lililoning'inia leo. Wajukuu wa jirani aliwafukuza, kuku aliwafungia, na Magesa alipopita na jembe begani kumsalimia alipigiwa kelele akiwa bado getini. "Jembe libaki hukohuko! Likigusa hapa nakuapiza!"

Mvua za kwanza zilipokuja, asubuhi moja alifungua mlango wa jiko akaona shinani, juu kidogo ya lile jeraha, vijani vidogo vya rangi ya udongo mwekundu, vinang'aa. Na kwenye tawi. Na kwenye jingine. Hakuusalimia mti, alikimbilia simu.

"Akida! Umechipua! Baba, umechipua!"

Akida alitaka kusema kitu, kikohozi kikamtangulia. Mwahija akasubiri na simu sikioni. Akasubiri sana, akitabasamu, huku macho yake yakihama kutoka tawi hadi tawi.

"Hongera, mama," sauti ikaja mwishoni, nyembamba. "Umenishinda."

Wiki chache baadaye mkewe, Shamimu, alimleta kwa gari. Alishuka ameshikiliwa. Shati lilikuwa lake, la siku zote, lakini mwenye shati alikuwa amepungua ndani yake. Mwahija alisimama mlangoni, ndoo ya maji ya mti mkononi, akashindwa kuiweka chini.

Hospitalini Mwanza walikwishaambiwa. Si kifua cha kawaida. Ni vumbi la mawe, limekaa mapafuni na kuyakausha, halitoki. Wala halikuingia jana. Liliingia miaka ile ya nyundo na moko, likaingia tena kwenye karasha, naye akatembea nalo, akajenga nalo nyumba, akacheka nalo. Mwahija alipoelezwa hayo na Shamimu, aliyasikia kwa sauti ya Generosa. Unaumizwa leo, unakula akiba yake kimya kimya.

Alikwenda kwa Mama Violeth, akaketi kwenye kizingiti, na kwa mara ya kwanza jirani yule hakuwa na mzaha.

"Nilikuwa nautazama mti kila siku," Mwahija akasema. "Jani kwa jani. Jani moja likigeuka rangi nalijua. Mwanangu nilikuwa nampigia simu tu. Anakohoa, namsubiri amalize, tunaendelea na maongezi. Mama gani mimi? Niambie, mama gani huyo?"

Mama Violeth alimshika mkono.

Ndani Akida hakuweza kulala chali bila kukatika pumzi, tena alisema bati linamrudishia joto. Kwa hiyo walimtolea kiti uani, kwenye ule udongo wazi, na huko akawa anashinda, kichwa kimeegemea shina, miguu imezama kwenye pumba za mpunga. Mama yake alimletea uji wa ulezi, akamwekea mto mgongoni, akaketi kwenye mkeka karibu naye. Mti ulikuwa unarudi. Upara ulikuwa bado juu, lakini chini yake majani yalikuwa yameshonana.

"Huyu atapona kabla yangu," Akida akasema siku moja.

"Mtapona wote."

Akamtazama mama yake kwa yale macho ya utotoni, ya kumkamata mtu mzima akidanganya, akamhurumia, hakubisha. Akavuta pumzi, akaipumzisha, akavuta nyingine.

"Zikiiva mwakani, usiache zinichafulie pevingi zangu."

"Si nilikwambia utasugua mwenyewe?"

"Nitasugua," akasema. "Nitasugua, mama. Usijali."

Alifariki adhuhuri, palepale kitini, kati ya kijiko kimoja cha uji na kingine. Mwahija aliendelea kushika kijiko kwa muda. Kisha akakirudisha bakulini polepole, kama mwenye kuogopa kumwamsha mtu, na ndipo alipopiga ukelele uliowatoa watu sokoni.

Wanaume wakakusanyika. Walitaka azikwe jioni ileile. Shehe wa mtaa, mtu mpole, alizungukia nyumba, akarudi. "Mama Akida, tutamwoshea bafuni. Pana nafasi, pana marumaru, maji ya bomba yapo. Hakuna haja ya kuchimba."

Mwahija alikuwa ameketi kati ya wanawake, kanga kichwani. Akainua uso.

"Maji ya bafuni yanakwenda wapi?"

Fundi Magesa ndiye aliyejibu, kwa kuwa bomba alilitandaza yeye. "Karoni, mama."

"Karo la choo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hapana. Maji ya mwanangu hayaendi chooni."

Wakatoka uani kutafuta pa kuchimba ufuo, na huko wakasimama na jembe lao. Kutoka ukutani mpaka getini ilikuwa pevingi tupu, zimepangwa zikakazwa, hakuna hata upenyo wa kuchomeka kijiti. Penye udongo palikuwa mahali pamoja tu: chini ya mzambarau, ndani ya ule mstari alioutembeza Akida kwa mkono wake, akikohoa.

Magesa alishusha jembe begani, akalishika kama kitu kilichomchoma. "Mama, hapa ulituapiza."

Mwahija alikuwa ameshatoka nje, Mama Violeth amemshika kiwiko. Akajitoa mkononi mwake. Akapiga magoti, akazisogeza pumba pembeni kwa viganja vyote viwili, akapapasa udongo taratibu, vidole vikitafuta mizizi wanayoijua. Alipapasa kwa muda, na watu wote wale wazima wakasimama kumsubiri.

"Hapa," akasema. "Kati ya huu na huu. Usizidi hapa, huu ndio unaoulisha mti. Baba yake alikuwa hapa kushoto. Raudha pale. Chimba, Magesa. Nimekuruhusu."

Magesa aliliweka jembe chini. Akaenda kwenye baiskeli yake, akatoa mwiko wake wa ujenzi, akarudi akapiga magoti, na kwa mwiko ule akauchimba ufuo wote, polepole, akitoa udongo kwa mkono. Machozi yalikuwa yakimtiririka puani naye hakuyafuta. Walipomaliza walisimamisha uzio wa shuka, wanawake wakarudi ndani, na Mwahija akakaa sakafuni kwenye marumaru akisikiliza maji ya mwanawe yakimiminika.

Yule mti haukufa. Wapo waliodhani utakufa, na ndani ya moyo wake kuna siku Mwahija alitamani ufe, kwa hasira tu, kwa kuona wamebaki wao wawili peke yao. Hakuumwagilia muda mrefu. Ukaishi hivyo hivyo. Mwaka uliofuata ukachanua vimaua vyeupe, nyuki wakaja, na mvua zilipokolea zambarau zikaiva, chache kuliko za zamani, lakini nene na tamu. Zikawa zinaanguka zenyewe. Zilizoanguka kwenye udongo zilikaa kimya. Zilizovuka mstari zilipasuka juu ya pevingi na kuacha madoa.

Mama Violeth alipita asubuhi moja kuomba chumvi, akasalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, Mama Akida!" Hakuitikiwa. Akazunguka nyuma ya nyumba, akamkuta Mwahija kwa magoti yake mabovu, ndoo ya maji ya sabuni kando, anasugua pevingi kwa brashi ya kufulia.

"Wewe! Si ndiye uliyesema uwanja hausuguliwi? Acha hivyo, nimwite binti aje."

"Hapana."

"Magoti hayo, mama."

"Alichukia madoa," Mwahija akasema bila kuinua kichwa. "Alisema atakuja kusugua."

Mama Violeth alisimama na kikombe chake kitupu cha chumvi. Zambarau moja ikaachia tawi, ikaanguka nyuma ya Mwahija, juu ya tofali ambalo alikuwa ameshalimaliza. Akageuka, akachovya brashi kwenye ndoo, akaanza tena.